Aliyeumwa na Nyoka Akiona Unyasi Hushtuka: Tafakari juu ya Hofu na Kumbukumbu



Wahenga walitufundisha kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mara nyingi tunaitumia methali hii kumtania mwoga. Tukiitafakari kwa utulivu, hata hivyo, tutaona kwamba ina mang'amuzi ya kina juu ya namna Mwenyezi Mungu alivyomuumba mwanadamu. Nyoka amekwenda zake, jeraha limepona, unyasi wenyewe hauna sumu, na mwili bado unashtuka kabla akili haijauliza kitu. Juma hili tunapenda tujiulize pamoja nanyi: je, kumbukumbu ya hofu hufutika? Na kama haifutiki, mwenye hofu huponaje?

Kwetu sisi wa Nyanda za Juu Kusini swali hili linapita kila siku barabarani. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma inapanda Kitonga, inapita Iringa, Mafinga na Makambako, kisha inashuka na kupanda tena kuelekea Inyala, Mlima Nyoka, Uyole na mteremko wa Iwambi. Ni barabara inayotulisha, na ni barabara inayotuliza. Tarehe 11 Machi 2015, pale Changarawe, Mafinga, kontena la lori liliangukia basi lililokuwa likitoka Mbeya kwenda Dar es Salaam, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Marehemu wetu tunawazika na tunawaombea. Wanaobaki hai baada ya ajali kama hizo tunawapongeza kwa kuponea chupuchupu, tunatoa misa ya shukrani, kisha tunawasahau.

Tulipokuwa katika utume wetu Mbeya tulimfahamu baba mmoja, ambaye habari zake tumezibadili kidogo asitambulike. Alikuwa akinunua viazi mviringo Uyole na kuvipeleka Dar es Salaam. Basi alilopanda lilikosa breki mteremkoni likapinduka, naye akatoka na mkono uliovunjika. Mkono uliunga ndani ya miezi michache. Mwaka mzima baadaye, sauti ya breki za upepo za lori linalopita ilitosha kumfanya atokwe jasho na kushikilia ukuta. Harufu ya dizeli ilimtapisha. Usiku aliamka akipiga kelele, na watoto wakazoea kulala chumba cha mbali. Biashara aliiacha, mtaji ukaliwa, na kijana wake aliyekuwa shule ya bweni akarudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Baba huyu alipewa mashauri matatu. Wazee walimwambia asahau, kwa kuwa yaliyopita si ndwele. Baadhi ya wanajumuiya walimwambia kwamba imani yake ni haba, au kwamba ameingiliwa na pepo. Vijana wa kijiweni, nao kwa huruma yao, walimwambia avute msuba kidogo, atatulia. Tunaomba tuyapime mashauri haya matatu kwa upole, maana wote watatu walimtakia mema. Na katika kuyapima, tutaomba msaada wa kiumbe ambacho mkulima wa mahindi hakipendi hata kidogo, yaani panya.

Panya hujifunza kwa kuunganisha mambo. Sisi Watanzania tunalijua hilo vizuri, kwa kuwa pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likiwafunza panya buku tangu mwaka 2000. Panya akitambua harufu ya baruti au ya makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu, husikia mlio mfupi na kupewa chakula. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Morogoro, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu ya ardhini na mabaki mengine ya silaha zaidi ya 100, na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu ya Uingereza. Huyo alijifunza kwa njia ya tumaini la chakula.

Kuna panya wengine waliojifunza kwa njia ya hofu. Katika maabara mbalimbali duniani panya huwekwa kisandukuni, sauti hupigwa, kisha umeme hafifu hupita miguuni mwake kwa muda mfupi sana. Jambo hilo likirudiwa mara chache, sauti peke yake inatosha: panya huganda, hatikisi hata ndevu. Baba yetu wa Uyole anaposikia breki za upepo, hufanya vivyo hivyo. Wataalamu wamegundua kwamba kiini cha somo hili ni sehemu ndogo ya ubongo yenye umbo la lozi, iitwayo amigdala. Jirani yake ni hipokampasi, inayotunza habari za mahali tukio lilipotokea. Na nyuma ya paji la uso kuna sehemu inayoweza kuituliza amigdala pale hatari inapokuwa imepita.

Sasa, panya huyo anawezaje kuondolewa hofu? Watafiti hupiga sauti ileile mara nyingi bila umeme. Polepole panya huacha kuganda, huanza kunusanusa, hula. Mtu angedhani kumbukumbu imefutika. Lakini tangu zamani za Pavlov, yule mtaalamu wa Urusi aliyewachunguza mbwa, ilionekana kwamba somo lililodhaniwa limezimika hurudi lenyewe baada ya muda. Tena panya aliyetulia katika kisanduku kimoja, akihamishiwa kisanduku kingine na kusikia sauti ileile, anaweza kuganda upya. Maana yake ni kwamba kwa kawaida somo la kale limebaki palepale, na ubongo umejifunza somo jipya juu yake: sauti hii sasa ni salama. Masomo hayo mawili yanakaa pamoja na kushindana, na lile la usalama ni changa, linahitaji kurudiwa mahali pengi.

Hapa, ndugu wapendwa, ndipo shauri la kwanza linapokwama. Kusema kwamba yaliyopita si ndwele ni hekima njema kwa majirani waliogombana juu ya mpaka wa shamba. Kwa mtu aliyetoka chini ya basi lililopinduka, yaliyopita ni ndwele, na iko mwilini mwake. Tukimwamuru asahau, tunamdai kitu ambacho ubongo wake hauwezi kulipa. Zaidi ya hayo, anayejitahidi kusahau hukwepa: hapiti barabarani, hasimami kituoni, hataki habari za safari. Na kila anapokwepa, anaunyima ubongo wake nafasi ya kujifunza kwamba unyasi huu hauna nyoka.

Shauri la pili linatugusa sisi wachungaji moja kwa moja. Amigdala humshtua mtu kabla hajapata nafasi ya kuamua lolote. Huwezi kumhukumu mtu kwa kukosa imani kwa sababu ya jasho ambalo hakulichagua. Tunamkumbuka Nabii Elia katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Mtu aliyekuwa ameshuhudia moto ukishuka Karmeli alikimbia kwa hofu hadi jangwani, akalala chini ya mti, akaomba afe. Malaika aliyetumwa kwake hakumpa karipio. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha mara ya pili ale, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Kuhusu pepo, Mama Kanisa ana busara ya siku nyingi: Katekisimu, namba 1673, inaagiza kwamba kabla ya kufikiria kupunga pepo ni lazima kuhakikisha kwamba tatizo si ugonjwa, kwa kuwa ugonjwa ni wajibu wa sayansi ya tiba. Wanaowavuta wagonjwa wa hofu kutoka hospitali na kuwapeleka kwenye makelele ya usiku kucha hawafuati mafundisho hayo.

Shauri la tatu, lile la bangi, linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu vijana wetu wanapotuambia kwamba inatuliza, hawasemi uongo mtupu. Nusu ya ukweli ndiyo inayowapoteza. Wote tunajua kwamba katika mikoa yetu ya kusini jani hili hulimwa mafichoni, ingawa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza. Tuangalie basi linafanya nini kichwani.

Mwaka 1964 wataalamu wa Israel, Gaoni na Mechoulam, waliitenga kemikali ya bangi inayolevya. Miaka mingi watu walijiuliza: kwa nini ubongo wa binadamu uwe na milango inayopokea kemikali ya jani la shambani? Jibu lilianza kupatikana mwaka 1992, Mechoulam na wenzake walipogundua kwamba ubongo wenyewe hutengeneza kemikali inayoingia katika milango hiyohiyo. Waliiita anandamidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha kuu. Jamii hii ya kemikali huitwa kanabinoidi. Kumbe Muumba alikuwa ameweka dawa nyumbani kabla sisi hatujaitafuta porini!

Dawa hiyo ya nyumbani ina kazi maalumu katika hofu. Mwaka 2002 watafiti waliokuwa Ujerumani walichapisha matokeo juu ya panya wadogo wasio na milango ya kanabinoidi. Panya hao walijifunza kuogopa sauti kama wenzao, lakini walishindwa kujifunza kwamba hatari imepita, waliendelea kuganda. Katika panya wa kawaida ilionekana kwamba, wakati sauti inapopigwa bila umeme, kanabinoidi huongezeka hapohapo katika amigdala. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliona jambo la namna hiyo kwa panya wakubwa: walipoziba milango hiyo, panya hawakutulia, walipoisaidia kanabinoidi ya mwili wenyewe idumu zaidi, walitulia vizuri zaidi.

Mshirika wa kanabinoidi ni serotonini, iliyotambuliwa katika damu mwaka 1948 na kuonekana katika ubongo mwaka 1953. Sehemu yake kubwa imo katika utumbo. Katika ubongo hutoka kwenye kundi dogo la seli zilizo katika shina la ubongo, ambazo nyuzi zake hutandaa karibu kila mahali, amigdala ikiwemo. Dawa nyingi ambazo madaktari huwapa wenye sonona na hofu kubwa, kama fluoksetini, hufanya kazi kwa kuiacha serotonini ikae muda mrefu zaidi kati ya seli na seli.

Tunaomba msomaji azingatie jambo moja lililochapishwa New York mwaka 2004. Panya waliopewa dawa ya aina hiyo mara moja tu kabla ya somo la hofu waliogopa zaidi. Waliopewa kila siku kwa takriban majuma matatu waliogopa kidogo. Dawa ileile, matokeo mawili yanayopingana, na tofauti ni muda. Kisha mwaka 2016 watafiti wengine wa Marekani walionesha kwa panya wadogo kwamba fluoksetini iliyotolewa kwa muda mrefu huwasaidia kujifunza usalama, na kwamba msaada huo hupitia katika kanabinoidi za amigdala: wakiziba milango ya kanabinoidi, faida hutoweka. Mifumo hii miwili, basi, hupokezana mzigo mmoja.

Mwanadamu si panya, na hatupaswi kuhamisha kila kitu kutoka kisandukuni hadi sebuleni. Hata hivyo, lile jambo la muda tunaliona kwa macho yetu katika familia. Mgonjwa huandikiwa dawa, hunywa siku nne, huona moyo unakwenda mbio kuliko mwanzo, hutupa vidonge na kutangaza kwamba hospitali imeshindwa. Madaktari wanajua kwamba katika siku za kwanza wasiwasi unaweza kuongezeka, na kwamba nafuu huchukua majuma kadhaa. Mwenye shida arudi kwa daktari wake aeleze, asiache dawa mwenyewe, na asimgawie jirani.

Sasa turudi kwa kijana na msuba wake. Mwili hutengeneza kanabinoidi mahali panapohitajika, kwa wakati unaohitajika, kwa kiasi kidogo, kisha huivunja upesi. Bangi hufurika ubongo mzima kwa saa kadhaa. Ni kama tofauti ya mfereji unaomwagilia tuta la mboga na mafuriko yanayozoa shamba zima. Kwa kiasi kidogo inaweza kutuliza. Kwa kiasi kikubwa kemikali hiyohiyo huleta hofu na mashaka, na hilo limeonekana kwa panya na kwa watu. Anayevuta kila siku, milango yake ya kanabinoidi hupungua, hata ile dawa ya nyumbani ikakosa mahali pa kuingia. Mtu anayehitaji kujifunza usalama anakuwa amepunguza chombo cha kujifunzia. Tena utafiti wa vijana wa jeshi wa Sweden uliochapishwa mwaka 1987 ulionesha kwamba waliovuta sana walipata ugonjwa mkubwa wa akili kwa wingi kuliko wasiovuta, na tafiti nyingine zilizofuata zimeonesha uhusiano wa namna hiyo. Lakini tusimkatishe tamaa aliyekwisha kuanza: ilipopimwa kwa watu, milango hiyo ilionekana kurudi karibu na hali yake baada ya takriban majuma manne ya kuacha.

Ikiwa kusahau hakuwezekani, karipio halifai na moshi unadanganya, njia ni ipi? Panya ametuonesha mlango: kurudi kwenye sauti ileile, katika usalama, mara nyingi, na mahali pengi. Kwa mwanadamu kuna neema ya ziada ambayo panya hana, nayo ni neno. Mwanadamu anaweza kurudi barabarani kwa kusimulia.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz waliwafunza baadhi ya wakimbizi wenyewe, watu wasio madaktari, namna ya kuwasikiliza wenzao kutoka Rwanda na Somalia. Wagonjwa 277 walishiriki. Waliosaidiwa kuyasimulia maisha yao hatua kwa hatua, pamoja na yale ya kutisha, walifuatiliwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008: baada ya miezi kadhaa asilimia 70 hivi hawakuwa tena na ugonjwa ule wa hofu, waliopewa ushauri nasaha wa kawaida, asilimia 65, waliofuatiliwa tu bila tiba, asilimia 37. Wasikilizaji walikuwa majirani waliofunzwa kwa majuma machache. Tunapofikiria Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, WAWATA na VIWAWA, habari hii inatupa tumaini, na inatudai.

Hapo tunawaona wale wanafunzi wawili wa Emau, katika Injili ya Luka, sura ya 24. Walikuwa wakiukimbia mji uliowaumiza. Bwana aliungana nao njiani na, ingawa alijua yote, aliwauliza walikuwa wakizungumza nini, akawaacha wasimulie mpaka mwisho. Akatembea nao, akala nao. Usiku huohuo waliinuka na kurudi Yerusalemu, mji uleule wa hofu yao. Na huko Mfufuka aliwatokea, akawaonesha mikono na miguu yake, yenye alama. Ufufuko wenyewe haukufuta makovu.

Baba yetu wa viazi alipelekwa na mke wake hospitali, akapewa dawa na mshauri, akavumilia yale majuma ya mwanzo. Wazee wawili wa jumuiya walikubali kutembea naye. Kwanza walisimama tu kituoni Uyole, wakanunua karanga, wakarudi. Baadaye walikwenda Chimala na kurudi siku ileile, kisha Makambako, kisha Iringa, ambako alilala akaamka salama. Aliposhuka Kitonga mara ya kwanza alikuwa ameshika rozari kwa mkono mmoja na mkono wa mzee kwa mwingine, na alitetemeka njia nzima mpaka Ruaha Mbuyuni. Bado hushtuka. Lakini anasafiri, na kijana wake amerudi shuleni.

Katika juma hili, basi, tunawaalika mtazame katika jumuiya zenu: ni nani ambaye tangu ajali, moto, wizi wa usiku au kipigo cha nyumbani hajarudi kuwa yeye? Msimwamuru asahau. Msimlazimishe kusimulia kabla hajawa tayari, wala msimkatize anapoanza. Mshaurini aende hospitali, na mmoja wenu aende naye, maana foleni ya kliniki ya akili huwa ndefu zaidi kwa aliye peke yake. Akipewa dawa, mkumbusheni uvumilivu. Akiwa tayari kurudi mahali pa hofu yake, mwendeni pamoja, hatua fupi fupi, bila kumcheka anapoushtukia unyasi.

Mwenyezi Mungu, aliyeweka ndani yetu hofu ili tuokoke na utulivu ili tuishi, awabariki ninyi na safari zenu zote. Amina. Tukutane juma lijalo.